Muuza Bisi

Filamu ile sikuiona hata siku moja.
Wiki kumi na moja ilionyeshwa pale Palisade,
mjini Gary, mwaka wa sabini na tatu,
mara tatu kwa siku, Jumamosi mara nne,
nami nilikuwa upande huu wa pazia
nikikaanga bisi, nikirudisha chenji,
nikifuta siagi kaunta kwa aproni.
Kwa hiyo msiniulize shujaa alifananaje.
Niulizeni besi iliingia wapi.

Besi iliingia kabla ya jina la mwenye kampuni.
Noti nne, kimya, noti nne tena,
kama mtu anayepanda ngazi usiku
akijua ni kidato kipi kitamsaliti.
Halafu gitaa lile la kanyagio,
waka, waka, waka, likibembeleza jiko bichi.
Halafu fidla, shingo juu,
akina mama wa kanisani wanaompita mlevi mlangoni.
Na juu ya yote sauti ya mwanamume, nyembamba,
si sauti ya ugomvi:
ya mtu aliyempigia daktari simu saa nane usiku
na bado ameshika mkonga, anangoja.

Aliimba kodi ya nyumba. Aliimba panya.
Aliimba kijana aliyerudi kutoka Vietnam
na mguu mmoja na mazoea mawili.
Aliimba polepole, ili hata mpumbavu ashike,
kwamba mwenye koti zuri ana bosi,
na bosi ana bosi,
na yule wa juu kabisa hajawahi kukanyaga mtaa wetu.

Ndani, watu walishangilia koti.

Mwanangu Clevon aliiona mara tisa.
Mimi ndiye niliyempitisha bure, Mungu anisamehe,
kwa mlango wa nyuma, wa kutupia taka.
Alitoka na mwendo mwingine, bega moja chini.
Kufikia Pasaka alikuwa na koti lenyewe,
la ngozi, kola ya manyoya, likifagia viatu,
na sikuuliza.
Kiwanda cha chuma kilikuwa kimempunguza baba yake
na friji yetu ilikuwa imejaa.

Husemwa sikio la kufa halisikii dawa.
Si kweli. La mwanangu liliisikia dawa yote,
neno kwa neno, ikitoka redioni,
akaicheza.

Siku yangu ya kuzaliwa alininunulia santuri.
Jaladani, shujaa na gari la rangi ya dhahabu;
nyuma yake, mbali, sijui kwa kusudi au kwa bahati mbaya,
watoto wawili wameketi kwenye ngazi
za nyumba iliyozibwa madirisha kwa mbao.
Mmoja ana kiatu. Kimoja.
Nimewatazama hao kuliko nilivyomtazama yeye.

Mwaka ule nyumba yangu ilikuwa na sindano mbili
na mimi niliijua moja.
Hiyo ilikwaruza sahani, ukweli ukatoka.
Nyingine niliikuta ndani ya soksi,
Septemba, nikifua.

Oktoba sitaisimulia.

Koti lilirudi katika mfuko wa karatasi, na namba.
Nilimpa Verdell wa ghorofa ya chini, aliyekuwa na kikohozi.
Aliikata ile kola kwanza, bila kuambiwa,
na majira ya baridi yote aliponiona
alivuka barabara.

Juzi Renita, binti aliyeachwa tumboni,
aliniletea filamu ndani ya kitu chembamba kama biskuti.
“Bibi, leo utaiona.”
Nikamwambia aigeuzie televisheni ukutani.
Akacheka, akadhani ni uzee, akaigeuza.
Tukakaa gizani na sauti tupu.

Ilipofika kwa bosi na bosi wake
akaacha kutafuna.
“Kumbe aliwaambia,” akasema.
Aliwaambia, mama. Mara tatu kwa siku.
Jumamosi nne.

Nami muda wote ule, bila kujijua,
mkono wangu wa kulia ulikuwa hewani
ukinyunyiza chumvi.