Ritifaa

Shaame alipiga simu toka Mkoani:
"Ishakufa tena."
Imekufaje? nikamuuliza.
"Kufa, dada, kuna namna ngapi?"

Gunia juu ya mizani,
mwenye karafuu anangoja stakabadhi,
na programu niliyoiandika mie, Jang'ombe, ghorofa ya pili,
imenyamaza kama mtoto aliyevunja kikombe.
Boti mpaka kesho kutwa.

Usiku ule sikutengeneza kitu.
Niliifundisha kusema.
Kila hatua andika mstari: nimefungua, nimepima, nimehifadhi.
Ya kawaida yaite taarifa,
ya kutilia shaka, onyo,
na ukianguka usianguke kimya:
sema kosa, taja faili, mstari wa ngapi,
kisha unitumie huku.
Mtandao ukikatika, yaweke foleni.
Uzito utaje, shehia itaje.
Jina la mtu usilitaje, wala pesa zake.
Hayo si yangu.

Kesho yake ikaja mistari mia tatu na kitu,
imelala njiani, imefika kwa pamoja.
Saa zake zilinitoa jasho:
seva iko nyuma yetu kwa saa tatu,
nasi twahesabu tangu kucha,
basi tano yake ni mbili yetu. Nilitumia vidole.

Taarifa. Taarifa. Chambani imepita,
Mtambile imepita, Kengeja bila neno.
Halafu: kosa, mstari wa mia na kumi na mbili,
kilo arubaini na moja nukta sita,
shehia: Ng

Basi. Ng, na ukurasa mweupe.
Nilikaa nayo hadi chai ikapoa.

Ritifaa.
Kijialama kile kinachoning'inia baada ya g,
mashine ilikidhani mwisho wa maneno,
ikafunga mlango,
ombeni ikabaki nje na gunia lake.

Na mie nakaa Jang'ombe!
Programu niliijaribu kwa Malindi, kwa Vuga, kwa Shangani.

Marekebisho yalikuwa mistari miwili.
Asubuhi Shaame akapiga:
"Imefufuka. Yule wa Ng'ombeni ndiye wa kwanza,
kalala hapa na karafuu zake.
Ila anauliza,
jana zilikuwa arubaini na moja na sita,
leo zimekauka, arubaini na moja na tatu.
Hilo mtambo wako unasemaje?"

Nikafungua, nikatazama.
Lilikuwemo, wazi kabisa, limeandikwa:
taarifa.