Ubao wa Dirishani

Mkataba una kurasa tatu. Kwenye ule wa pili,
kwa mkono, kwa wino wa buluu, Bi Draguica Kusanovic
ameandika: Hakuna kutoboa. Akapiga mistari miwili chini yake,
kana kwamba aliiona keekee ndani ya begi langu.

Nyumba aliijenga baba yake, mbao ndani, mabati nje,
hapa Punta Arenas, ambako upepo hauvumi, unahamia.
Hubisha hodi saa tisa usiku na hausubiri karibu.

Nami nilikuwa na antena uani,
mita ishirini za waya toka kibanda cha kuni
hadi mlingoti wa kuanikia nguo,
na redio mezani,
na kati yao ukuta usio wangu.

Kwanza nilijaribu ukanda bapa, mwembamba kama utepe,
ule unaopitishwa chini ya dirisha likafungwa.
Pale dukani waliniapia. Wiki mbili ukafanya kazi.
Wiki ya tatu dirisha lilikuwa limeutafuna,
na kaka yangu Nibaldo, mlinzi wa mnara wa taa kisiwani,
akawa sauti ya mafuta yanayokaangia samaki.

Nikavuta kiti, nikalitazama lile dirisha.
Ni la kupandisha juu, zito, kamba yake ya kushoto
imekatika tangu enzi za marehemu baba mtu.
Nikapima: sentimita themanini na moja na nukta tatu.
Nikanunua ubao wa lenga, mti wa huku, kimo chake shubiri moja,
nikausimamisha kizingitini, dirisha likaushukia.
Ubao ni wangu.
Ubao naweza kuutoboa.

Nikautoboa! Pole pole, keekee nimeilaza kidogo,
tundu liwe juu kwa ndani, chini kwa nje,
maana maji ni mpangaji mjanja kunishinda,
huingia bila mkataba.
Kabla haujafika tunduni nikauacha waya ulegee,
ushuke chini ya kizingiti kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba,
ndipo upande. Mvua huufuata mpaka pale tumboni,
kupanda haijui, inadondoka.
Sikuukunja kama goti; niliupinda kama shingo ya bata.
Mianya nikaijaza sponji ya godoro kuukuu.
Na kwa kuwa komeo halikufikiana tena,
nikakata mpini wa ufagio, nikaukabilisha juu ya fremu,
mwizi asilipandishe.

Baridi iliingia bado, kidogo. Sitadanganya.
Nilivaa soksi mbili mbili.

Usiku ule Nibaldo akasema,
"Edelmira, nasikia hata unavyopumua."
Nikamwambia ni upepo.

Miaka sita.
Kisha Bi Draguica akapata mnunuzi.
Siku ya kukabidhi funguo alizipapasa kuta kwa viganja,
chumba kwa chumba,
kama mtu atafutaye uvimbe kwenye shingo ya mtoto.
Hola. Akasogeza kabati. Hola.
Akapandisha dirisha, akalishusha; likakaa mahali pake
kama ambaye hakuwahi kuamshwa.
Alinigeukia, nusura aseme ameibiwa kitu.
"Uliishi humu kweli?"

Mwishowe aliiona alama ya birika,
duara jeusi juu ya meza yake ya jikoni.
Akanikata peso elfu nane kwenye amana.
Nilizitoa kwa moyo mweupe.

Mwenye nyumba mpya ni kijana, hana habari na kuta.
"Toboa popote, bibi," akasema, macho kwenye simu.
Nilisimama na keekee mkononi mpaka chai ikapoa.
Nikairudisha begini, nikaufungua ule ubao kwenye blanketi.

Dirisha la hapa ni jembamba kwa vidole viwili.
Nikaenda kuazima msumeno kwa jirani.