Bamia ya Mbegu

Newala, mwisho wa Juni. Ukungu umelala bondeni,
nami nachuma kwa kikapu kilichopasuka ukingo:
nyanya nane, moja imedonolewa na ndege,
mbaazi mbichi za kujaza kiganja,
na papai ambalo Somoe alilitia alama ya mkaa
asije mtu akasema ni lake.

Bustani hii imekunywa maji ya vyombo,
ya kunawia, ya kuoshea mchele.
Ndoo ya kununua haikumwagwa hapa hata siku moja.

Maua ya saa nne bado yamefumba.
Nitayasubiri.

Bamia moja imekomaa, ngumu kama ukucha.
Siichumi. Naifunga uzi mwekundu.
"Hiyo hailiki," Somoe ananicheka.
Hailiki, kweli.
Hiyo ni mwakani.