Sura Ndiyo Yako?

Saa moja asubuhi tulifungua ukumbi wa kanisa.
Barrow, mwezi wa Mei, rasharasha,
harufu ya nta ya sakafu na chai ya jana.
Nikapanga meza: daftari, rula,
penseli fupi zilizofungwa uzi
kana kwamba mjini kuna mwizi wa penseli,
na kile kioo cha mkono tulicholetewa sandukuni
kwa mama atakayefunua uso nyuma ya pazia,
nimtazame mimi, mwanamke, kisha ajitande tena.
Nikakilaza chali kando ya birika.

Wa kwanza alikuja na mbwa.
Mbwa hakuulizwa kitu.

Kijana mmoja akatoa kadi ya chuo:
ina picha, ina muhuri, ina jina lote, Callum Fearon.
Nikapitisha kidole kwenye orodha. Haimo.
"Na pasi ya basi ya bibi yangu?"
"Ya bibi yako imo."
Akacheka kama mtu aliyekanyagwa mguu, akaenda.
Nikapiga mstari kwenye fomu ya waliorudishwa,
mwembamba kama unywele.

Adhuhuri akaingia Wilf Postlethwaite.
Huyu simjui kwa daftari.
Huyu alinishika kidevu nikiwa na miaka sita
kwenye bwawa la manispaa, piga miguu, piga miguu,
hadi siku moja mkono wake haukuwepo
nami sikuzama.

Jina? nikauliza, maana lazima niulize.
Akalitaja kama anayejibu utani.
Anwani? "Nyumba uliyoivunja dirisha."
Kitambulisho chenye picha?
Akapekua koti, akaweka mezani pasi ya basi.

Enid akanitazama.
Miwani ileile, nywele zimetoka kwa msusi siku hiyohiyo,
midomo ya mtu aliyeambiwa asitabasamu.
Tulimzika Februari.

Nyuma yake foleni: watu wanne na mwavuli.
Nilijua ilivyokuwa: pasi mbili, droo moja,
mtoto wa jicho, mkono uliookota ya juu.
Nilijua pia ningeweza kuinamisha kichwa,
nikachana karatasi, nikampa,
na hakuna ambaye angedhulumiwa.
Lakini kanuni haiulizi, unamjua?
Inauliza, anafanana?

"Bwana Postlethwaite," nikasema
kwa sauti ya mtu wa benki, "hii siyo yako."
Akaisogeza hadi puani.
"La," akasema baadaye sana. "Mimi sikuwahi kupendeza hivi."
Akaifuta kwa kidole gumba, akatoka.

Mstari wa pili. Wino ukagoma,
nikaupitia tena, nikaogopa
nimeandika watu wawili.

Wanasema picha humzuia mwizi wa kura. Labda.
Miaka kumi na tisa mezani hapa sijamwona mwizi,
wala siwezi kuapa hakupita:
mwizi hodari ndiye yule usiyemwona.
Hayo wajadili wenye mishahara.

Saa nne kasoro dakika kumi usiku
tumeshaanza kuegesha viti ukutani,
mlango ukalia.
Wilf, amelowa, anahema,
na pasipoti iliyokwisha muda miaka kumi na mmoja.
Inakubalika. Sheria haijali tarehe, inajali sura.

Basi nikaitazama sura.
Pichani shingo nene, taya safi,
jicho la mtu asiyedaiwa na yeyote.
Mbele yangu shingo imekuwa kamba,
na kwenye taya, damu mbichi ya wembe:
mchana alikuwa na ndevu za wiki tatu.
Amenyoa ili afanane.

Nikamkagua kama sijawahi kumwona,
na kweli sijawahi,
miaka hamsini ya kusalimiana njiani.
"Sura ndiyo yako?"
Swali hilo halimo kitabuni.
Akafikiri.
"Kiasi," akasema.

Nikampa karatasi.
Nikasikia penseli, pole sana,
kisha uzi ukigonga mbao.

Saa nne tukafunga sanduku.
Waliorudishwa: wawili. Waliorejea: mmoja.
Kioo nikakikuta palepale, chali,
kutwa nzima kimetazama dari.
Nikakifunga kwenye gazeti
bila kukigeuza.