Hatua ya Tisa

Mimi ndiye niliyeandika kuruka.
Siku arobaini na moja, kuruka tu:
kiazi kikiachana na sakafu kikae hewani muda gani,
kirudi na uzito gani, kitoe mlio gani kikitua.
Kamba aliiandika Rayén.

Mchezo wetu ndio huo: viazi viwili, kamba moja,
nyumba ya mbao iliyofurika hadi darini,
na kila rafu, kila kabati linaloelea,
limepimwa makusudi lisivukwe na mmoja.
Tumeutangaza: utatoka Machi.
Kuna mtu wa Busan huniandikia kila Jumatatu,
neno moja: "Bado?"
Bado.

Hapa Valdivia mvua haipigi hodi wala haiagi.
Chini yetu ana karakana Bi Edelmira, fundi zipu;
harufu ya gundi yake hupenya nyufa za mbao
ikakutana na moshi wa jiko letu la kuni.
Kule mtoni, nyuma ya soko,
simba-bahari wanagombea vichwa vya samaki
kwa sauti za watu wanaodaiana kodi.

Juni, Rayén alikwenda Concepción, kwenye kazi yenye mshahara.
Hatukugombana. Afadhali tungegombana.
Aliacha kikombe, na kamba yake, mistari mia tisa,
na katikati ya mistari onyo kwa herufi ndogo:
usiguse hapa, itakatika.
Sikugusa.

Tangu hapo mchezo wa wawili naujaribu peke yangu,
kidhibiti kimoja mkononi, kingine magotini,
gumba likitumwa huku, kidole cha kati kule.
Waliosema kidole kimoja hakivunji chawa
hawakuviona vyangu kumi vikishindwa.
Hatua nane nilizivuka hivyo, kwa hila,
kama mtu achezaye karata na mkono wake mwingine
huku akiuchungulia.
Ya tisa iligoma.

Ya tisa ni bomba la moshi. Refu, jembamba, maji yanapanda.
Kiazi cha kushoto kinaruka, cha kulia kinaruka,
kamba inalegea,
chubwi.
Mara mia mbili na kumi na nne.
Ya mia mbili na kumi na tano nilipiga teke sakafu,
na sakafu ikajibu kwa ufagio.

Alipanda ngazi, sindano bado mdomoni.
"Sakafu yako ni dari langu, kijana."
Sijui kwa nini sikumwomba radhi.
Nilimpa kidhibiti.
"Nibonyeze kipi?"
Nikamwonyesha cha kurukia.
"Mimi siruki. Nina goti."

Kiazi chake kikakaa juu ya tofali. Kikakaa tu.
Mimi nikaruka, kama kawaida yangu,
nikangoja chubwi,
kamba ikakaza.
Nikabembea, nikagonga ukuta wa pili,
nikashika ukingo ambao mwenyewe niliuchora
na kwa miezi mitatu sikuwahi kuufikia.
"Haya, nivute," akasema. "Maji yananifika."
Nikamvuta.
"Umemaliza? Nina koti la watu chini."

Usiku ule nilifungua mistari mia tisa.
Chini ya onyo palikuwa na mstari nilioupita siku zote:
asiyesogea, mwenzake amtegemee.
Alikuwa ameuandika Aprili.
Aprili mimi nilikuwa narekebisha mlio wa kutua.

Kwenye orodha ya waliotengeneza nimeandika:
Kuruka, Eliseo Barría.
Kamba, Rayén Catrileo.
Kukaa, Edelmira Oyarzún.
Nakala nimeituma Concepción, bila barua.

Leo ni Jumatatu. Bado mvua.
"Bado?" ameuliza wa Busan.
Bado, nimemjibu, na nikabaki na vidole juu ya herufi
muda mrefu kuliko kiazi chochote kikaavyo hewani,
kisha nikaongeza:
lakini wewe, una wa kucheza naye?