Kigingi cha Kibwana

Mwaka jana Kibwana alichomeka kigingi
juu ya tuta la mchanga, akakipaka chokaa:
njia inapita hapa.
Leo kigingi kiko palepale, tuta halipo.
Limesogea hatua arobaini kuelekea minazi ya Kigombe,
bila kumuaga mtu.

Tunavua viatu. Mchanga wa saa sita
unaturusha kama kuku waliomwagiwa maji
mpaka kivulini kwa mivinje,
kisha wangwa, kisha mikoko,
na harufu ile ya yai viza
unayoizoea kabla hujaitaja.

Mwanamkasi anaokota tondo, alama hazitazami.
Namuuliza, utajuaje pa kupita?
“Tazama vidole vya mchu.
Vikionekana, pita.
Vikizama, geuka, usijitie ushujaa,
utalala huku na mbu.”

Kibwana kimya. Kopo mkononi,
brashi imekauka.
Kaa mmoja, gando kubwa kuliko mwili,
anatupungia:
njooni, au rudini, sijui.

Nyuma yetu nyayo zinajaa maji
moja moja,
za Kibwana kwanza,
maana ndiye mzito.