Hesabu ya Ova

Ijumaa usiku, nyuma ya risiti ya duka la saruji,
naandika majina kumi na moja.
Ya juu hayanisumbui.
Hasmukh aanze, maana ana subira ya fundi saa,
huuacha mpira wa nje upite kama mgeni asiyemdai.
Odera naye upande wa pili, mpigaji wa shoto,
ili mrushaji wa Nakuru ahangaike kupanga watu wake upya
kila hawa wawili wanapobadilishana ncha.
Wa tatu Wafubwa. Atalalamika. Alizoea wa tano,
alizoea kunywa soda kwanza, jua likiwachosha wengine.
Wa tatu, nimesema. Kalamu haifuti.

Nafika wa kumi na moja, inakwama.

Ochuodho.
Huanzia mbali, karibu na kamba ya mpaka,
pale mbuzi wa mlinzi wanapokula,
hatua kumi na tisa, na ya ishirini naisikia kifuani mwangu,
kisha ule mkono wa kushoto.
Kisumu nzima hakuna mwenye kasi yake.
Mpira ukigonga udongo huu mweusi uliookwa na Januari
huinuka kama mtu aliyetukaniwa mama.

Hesabu yake yote ninayo daftarini.
Jumamosi iliyopita, ova kumi na nne.
Jumapili, kumi na moja, maana tulishindwa kumtoa yule wa mwisho,
nami nikamrudishia mpira tena, na tena,
kama mtu anayekamua ng'ombe asiyemlisha.
Jumatano, mipira thelathini. Ya thelathini na moja nilimkataza.
Vijistari vyangu, vinne na kimoja cha kukatiza,
vimejipanga kama uzio.

Nilidhani najua kuhesabu.

Jana nilipita Kibuye kununua misumari
nikamwona chini ya gunia la mchele wa Ahero,
mgongo ule ule, bega lile lile,
na kando ya lori karani anachora vijistari,
vinne na kimoja cha kukatiza.
Madaftari mawili, mgongo mmoja.
Sikumwita. Nilihesabu hadi magunia ishirini na sita,
nikaona haya, nikaenda zangu bila misumari.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa
nahodha aliponiambia: Moja tu, kijana, ova moja tu.
Nikarusha. Kitu kikalia kiunoni kama ufito mkavu.
Tulishinda, eti. Mimi nilikuwa chini natazama nyasi.
Tangu siku hiyo nikifunga kamba za viatu
nainama kama mtu anayeingia nyumba ya watu wafupi.

Basi nimemkata kwa mstari. Nimeandika Nyangweso,
anayerusha polepole, mpira wake una adabu,
utapigwa hadi barabarani.

Asubuhi anafika, nguo nyeupe zimepigwa pasi,
viatu vimepakwa chaki.
Anasoma karatasi mlangoni kutoka juu hadi chini,
halafu kutoka chini hadi juu.
"Kocha, nimekosea wapi?"
Namwambia, mgongo. Namwambia, pumzika.
Anacheka kidogo, si cheko la furaha.
"Ungeniambia jana ningeenda kwenye lori.
Jumamosi wanalipa moja na nusu."

Hilo sikuwa nimeliandika popote.

Nampa penseli na kitabu cha matokeo.
Anakaa kwenye benchi, magoti hayatulii,
na kila mpira wa Nyangweso unaoruka kamba
anauandika kwa uangalifu: nne. Nne. Sita.
Mkono wa kulia unaandika.
Wa kushoto, pajani, vidole viwili juu ya mshono,
umeshika mpira ambao haupo.